Mzee Abdulrahim Dzombo na Ruta Zinazouliza Hali

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Abdulrahim Dzombo anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu cha Bongwe kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia mwaka 1994 akiwa opereta wa simu na anatoka akiwa fundi wa mitandao. Katikati hapo amezizika mashine tatu za faksi, na kila moja aliisikitikia.

Kutoka getini hadi chumba cha mitambo ni hatua sitini, naye huzitembea kwa dakika ishirini. Askari ataulizwa hali yake, ya mkewe na ya goti lake. Mpishi ataulizwa watoto wote kwa majina. Saa nne Mzee akitoka kunywa chai, huanza upya na watu wale wale. Mimi, Kaindi, nilipokuja kutoka Shimba Hills mwaka 2019 kuanza kazi chini yake, niliona huku ni kupoteza wakati.

Kazi yake kubwa ni masomo ya video. Zamani mwalimu akifundisha hapa, picha ilitumwa peke yake kwa kila kompyuta ya vituo vyetu vya Msambweni, Kibuyuni na Majoreni, na mtandao ulizidiwa. Mzee alizipanga upya ruta zote, ile mitambo inayoelekeza mawasiliano, mlango wa waya mmoja baada ya mwingine, akiandika kwanza kwa penseli katika daftari la hesabu. Picha ikawa inatoka mara moja tu, kisha ruta inawagawia wale waliojiunga na kikundi cha kutazama. Siku hizi hata Majoreni wanamwona mwalimu akijikuna pua.

Ili kujua nani bado anatazama, ruta huuliza kila baada ya dakika mbili, na kompyuta hujibu. Nilipoyaona maswali hayo nilicheka, nikasema ruta nazo zimeambukizwa salamu za Mzee. Nikayazima katika vituo vyote vitatu na kujisifu kwamba nimeusafisha mtandao.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na mtihani kwa njia ya video. Dakika ya nne picha ilikatika kila mahali. Mitambo ya vituoni, kwa kuwa hakuna aliyeuliza wala aliyejibu, ilihesabu kwamba watu wameondoka. Watahiniwa tisini walirudi makwao bila mtihani. Bi Warda, mkuu wa chuo, alituita na kutaka kujua nani aliyezigusa ruta. Nilibakiza siku kumi za majaribio, na mwenye kosa kama lile asingeajiriwa. 

Mzee alikuwa ameshasoma kumbukumbu za ruta, na jina langu alilikuta humo. Akasema, "Bi Warda, mitambo ile iko chini ya mkono wangu. Barua nipe mimi."

Alipewa barua ya onyo, na ukuu wa idara aliokuwa akiutarajia ulikwenda kwa mwingine. Mimi hakunikaripia. Alinikalisha kutwa nzima niyarudishe maswali katika kila mlango, kwa penseli kwanza, na kila nilipomaliza ruta moja aliniuliza habari za mama yangu.

Niliajiriwa. Nikanyamaza miaka sita, na ninaona aibu kuyaandika haya.

Jumatatu nilikwenda kwa Bi Warda nikamweleza yote. Alikasirika, tena sana, kisha akaitoa ile barua katika faili la Mzee mbele ya macho yangu. Yangu iliandikwa jana, nami nimeitia sahihi.

Mzee wetu, ahsante kwa masomo yaliyofika, kwa madaftari yako ya penseli uliyotuachia, na kwa kutuuliza hali hata tulipokuwa na haraka. Mimi nakuomba radhi. Mwenyezi Mungu akujaalie afya na raha nyumbani, wewe na mkeo Bi Hafsa. Unatoka chuoni bila onyo hata moja.