Mwalimu Hajira na Somo la Mstatili

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Hajira Uwesu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, yote katika darasa la awali la shule yetu, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi.

Alitoka Lindi na cheti cha ualimu na begi moja. Vifaa vya kufundishia havikuwapo, hivyo akawa anapita maduka ya Kariakoo akiomba mifuniko ya ndoo, maboksi na vipande vya vitenge vya kukatia pembetatu. Wenye maduka wakamwita Mama Maumbo. Mwaka mmoja watoto wake walimwambia mkaguzi, mbele yetu sote, kwamba tumbo lake ni duara. Mkaguzi alicheka, akaandika: “Wameelewa.”

Masika moja Mto Msimbazi ulifurika ukamchukua Violeth, mwanafunzi wake wa miaka mitano. Mazikoni alikuwapo Beno, aliyekaa dawati moja na Violeth. Alichungulia kaburi, akasema kwa sauti ya darasani, “Mwalimu, shimo ni mstatili.”

Mwalimu Hajira alimshika mkono. “Ndiyo, Beno. Umepatia.”

Tangu siku hiyo hakuweza kufundisha umbo hilo. Akilifikia, niliingia mimi, mwalimu wa darasa la jirani, kumalizia, yeye akisimama nje. Baada ya miaka miwili aliandika barua kuomba ahamishiwe darasa la juu. Ilikuwa bado mkobani siku Candida, mama yake Violeth, muuza mitumba wa Mchikichini, alipomleta binti yake mdogo, Jovitha, kumwandikisha. Mwalimu alimsihi ampeleke shule nyingine.

“Siendi,” alisema Candida. “Wewe ndiye uliyemfundisha dada yake. Mfundishe na huyu, Mwalimu. Yote. Usiruke kitu.”

Barua haikupelekwa. Siku ya somo alisimama na boksi la viatu, akaanza mara tatu, akashindwa. Mara ya nne alipitisha kidole cha Jovitha kwenye pande zote, ndefu, fupi, ndefu, fupi, machozi yakimdondoka. Darasa zima lilihesabu naye.

Hakuwahi kutuambia kwamba uchungu umeisha. Ila kila masika aliita mara mbili majina ya watoto wanaokaa bondeni, na asiyeitika alimfuata kwao kwa miguu.

Asante, Mwalimu. Tunakuombea afya, na usingizi mtulivu mvua inaponyesha. Majina tutayaita sisi.