Nani Ataketi Upande wa Kichwa cha Shangazi?

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkurugenzi wa kituo chetu cha sokwe, madaktari na watunza wanyama wenzangu, na wewe baba watoto uliyejichagulia kiti karibu na mlango: hamjambo?

Nimesifiwa hapa mpaka nikageuka kuangalia kama kuna marehemu. Mkurugenzi ametutangazia pia kwamba baada ya kustaafu kwangu nafasi yangu ya daktari wa usingizi haitajazwa, kwa kuwa mashine inasoma mapigo ya moyo na oksijeni ya sokwe aliyepewa dawa ya usingizi, tena haiombi likizo. Ni kweli kabisa, na mimi na mashine hatuna ugomvi.

Lakini mnakumbuka siku tulipomng'oa jino Shangazi, sokwe wetu jike? Mheshimiwa alitutembelea chumba cha upasuaji pamoja na mpiga picha wake. Kwa kupenda kwake elimu, akauliza kile kibanio kwenye kidole cha mnyama kina kazi gani. Daktari wa meno, mtu mkarimu, akakichomoa na kumbana nacho Mheshimiwa kidoleni. Picha zikapigwa, maongezi yakakolea, kibanio kikasahaulika pale pale. Kwenye kioo cha mashine, namba zilipendeza ajabu! Mkurugenzi akaninong'oneza, "Umeona, Daktari? Mnyama yuko fiti."

Nani angembishia? Moyo uliokuwa ukisomwa ulikuwa mzima kweli. Hongera sana, Mheshimiwa.

Ila mimi nilikuwa nimeketi upande wa kichwa cha Shangazi, na ulimi wake ulikuwa umeingia rangi ya bluu. Mpiga picha alikuwa ameegemeza kiwiko juu ya mpira unaompelekea Shangazi hewa. Nilimsukuma, nikaunyoosha mpira, nikaminya mfuko wa oksijeni kwa mkono hadi ulimi ukarudia wekundu wake. Niliogopa, jamani. Baadaye niliitwa ofisini, nikaelezwa kwamba lugha niliyotumia mbele ya wageni haikuwa nzuri.

Sasa Jumatatu Shangazi analazwa tena kwa dawa ya usingizi, na nasikia wageni wameshaalikwa. Mashine itakuwepo, kamera zitakuwepo. Je, nani atautazama ulimi?

Mkurugenzi, saa ya ukutani mliyonizawadia nimeipokea kwa mikono miwili. Nakuomba jambo moja tu: mtaje mtu huyo hapa, sasa hivi, mbele ya watu wote hawa. Nawashukuruni nyote kwa kunisikiliza. Kipaza sauti bado ninacho, Mkurugenzi, na haraka sina, nimeshastaafu.