Chuo cha Thelathini na Saba

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali manne, kati ya kibanda cha Fundi Saa na cha kinyozi, na wenyeji wake walijua pa kukaa ili msumari usiwachane suruali. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa imeshazunguka mara mbili na Fundi Saa hajafungua hata saa moja. Mbele yake ilikuwa fomu ya bintiye, kifungua mimba wake, aliyekubaliwa na vyuo vikuu viwili kusomea sayansi ya mazingira. Mzazi alitakiwa kutia sahihi, na fomu irudishwe kabla ya saa nane mchana. Binti alishaweka alama kwenye chuo alichokitaka. Kando ya fomu kulikuwa na gazeti lililovipanga vyuo kwa ukubwa wa athari ya utafiti wao katika mazingira. Kile kingine kilikuwa cha nne. Alichokitaka binti kilikuwa cha thelathini na saba.

Hilo ndilo lililomkera. Mtoto yule amemlea peke yake tangu ana miaka sita, akimsuka nywele kwa vidole vilevile vinavyokaza skrubu za saa. Jana jioni walikosana. Yeye aliuliza chuo ni cha ngapi, binti akamjibu, yeye akaguna, binti akaenda kuosha vyombo kwa kishindo.

Kinyozi, ambaye kijiwe kilimwita Profesa kwa kuwa hajawahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua, alilichukua gazeti, akakisoma kichwa cha habari mara mbili, akavua miwani.

— Fundi, hapa umesoma vizuri? Wameandika "athari".

— Nimeona.

— Athari za moshi. Athari za pombe. Lini umesikia athari ikawa kitu cha heri? Hii ni orodha ya waharibifu, ndugu yangu. Cha kwanza ndicho kilichoharibu mazingira kuliko vyote.

Makanika, waliyemwita Spana, aliunga mkono. Alisema aliwahi kutengeneza basi la idara ya mazingira ya chuo kimoja, likawa linatoa moshi mweusi hadi kuku wa jirani wakaingia bandani kulala saa sita mchana. Chuo kile, aliapa, lazima kiwe katika kumi bora.

Fundi Saa akajaribu kueleza kama alivyoelezwa na bintiye, kwamba athari hapa maana yake ni uzito: huhesabiwa maandishi ya chuo yamenukuliwa mara ngapi na wasomi wengine. Hapo ndipo alipolikoroga. Spana alidai kuwa kunukuliwa ni kusemwa tu, na kwamba wasomi wanatajana kama mashemeji kwenye harusi, nisifu nikusifu, wote wapande. Muuza kahawa naye akasema ikiwa ni kutajwa, basi yeye ndiye wa kwanza, maana tangu ahame kwa mumewe mtaa mzima haujapumzika. Profesa aliwaacha wamalize, kisha akaongea kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala.

— Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Vyuo hivi vimesifiwa miaka mingapi? Sasa jiulizeni, haya mafuriko ya kila mwaka, maji yanatoka wapi?

Hakuna aliyekuwa na jibu, na kijiweni hilo huhesabiwa kuwa ushahidi. Muuza kahawa akamwongezea Profesa kikombe bila kuombwa.

Fundi Saa hakucheka. Saa sita ilikuwa imeshapita. Akashika kalamu ili aikate alama ya bintiye na kuiweka kwenye chuo cha nne. Mbele ya kibanda alikuwa amesimama mama mmoja mgeni, saa yake iliyokufa mkononi, akiwasikiliza kwa muda.

— Samahani, kaka. Binti amesema anakitakia nini hicho cha thelathini na saba?

Spana akaitazama mikono yake yenye grisi. Wote wakamgeukia Fundi Saa. Akatoa simu, akampigia bintiye.

— Mama, hebu niambie. Kwa nini hicho?

Binti akasema mengi kwa mkupuo. Alikuwa amewaandikia walimu watano wa vyuo mbalimbali, akiwauliza kwa nini maji ya kisima chao cha uani yamegeuka chumvi. Wanne hawakumjibu. Wa tano, mama mmoja wa chuo kile cha thelathini na saba anayetafiti visima, alimjibu kesho yake na kumuuliza kina cha kisima ni mita ngapi. Binti akafunga jiwe kwenye kamba, akapima peke yake. Mita kumi na moja.

— Mbona hukuniambia?

— Uliniuliza namba tu, baba.

Fundi Saa akatia sahihi, kubwa kuliko zote alizowahi kuandika, akaikunja fomu, akaiweka kifuani ndani ya shati na kuondoka mbio bila kufunga kibanda.

Mama mgeni akabaki na saa yake mkononi.

— Sasa huyu atarudi saa ngapi?

— Saa moja tu kutoka sasa, alisema Profesa kwa uhakika.

— Na sasa ni saa ngapi?

Wote wakageuka kutazama ndani ya kibanda. Ukutani zilining'inia saa kumi na nane, na kila moja ilikuwa na majira yake. Profesa akavaa miwani, akakohoa, wakaanza kubishana ipi iwe ya kwanza kuaminiwa.