Geti Tumelichomea

Mji wetu huu wa kando ya Mto Pangani unakula kwa mabasi. Chasi inaletwa tupu, sisi tunaivalisha bodi, na siku usiposikia nyundo ujue ni Iddi au Krismasi. Sasa tajiri mwenye karakana katangaza kwa barua kwamba anahamishia mashine zote Dar. Asubuhi malori yake yamekuta geti la karakana limechomewa kwa nondo. Yamepaki pale barabarani, madereva wanangoja tuchoke. Tuchoke! Sisi tuko kijiweni kwa Bi Rasha, tunakunywa kahawa, na roho yangu kwatu.

— Nimechomea mwenyewe, akasema Luka, tunayemwita Gesi. Hata tembo hapiti.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akadakia Mzee Sleyum, yaani Bampa, fundi bati wa miaka thelathini.

— Bampa, mkuu si ndiye tajiri? Tusiosikia ni sisi! nikamwambia.

— Basi guu na livunjike. Hatuhami!

— Kwani anahama kwa nini? akauliza Bi Rasha, akimimina.

— Anaogopa mafuriko, nikasema.

— Mafuriko wapi! Gesi akanikata. Kahongwa na viwanda vya nje. Basi letu linadumu miaka ishirini, la kwao watamuuzia nani?

— Hamjui kitu nyie, akasema Bampa. Wanautaka mto. Watautia kwenye mabomba waupeleke Dodoma. Sie tukiondoka, nani atapiga kelele?

— Mto mzima, Bampa? nikauliza.

— Wajaribu! Nyundo hii imenilipia mahari, imenisomeshea wanangu. Sihami kwa barua mie!

Tukampigia makofi mpaka vikombe vikacheza. Hapo akafika dada mmoja na begi lake mgongoni.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Naitwa Precious, dereva, natokea Arusha. Nimekuja kuchukua basi letu, nimeambiwa rangi imeshakauka. Bosi wangu akilipenda anaagiza mengine sita. Anataka yaundwe hapa hapa, na mafundi hawa hawa.

— Sita! Bi Rasha akapiga kigelegele.

Gesi akamkumbatia Bampa. Mimi machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Precious akatazama geti. Akayatazama malori.

— Sasa basi langu nitalitolea wapi?

Tukifungua litoke lake, yanaingia malori kubeba mashine. Gesi akakaa. Bi Rasha akainamisha birika, halikutoa kitu.

— Kaa kwanza, mwanangu, Bampa akasema mwishowe. Pa kutokea hatupajui. Ila hatuhami.