Neno Lililomponyoka Dada Yetu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ndiye mdogo wake. Ni fundi bomba, sijazoea kipaza sauti. Mnivumilie. Kwa nini nasoma mimi na si mwingine mwenye sauti, mtaelewa mbele kidogo.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga. Mchana chumba kilikuwa karakana ya baba, jioni tunakusanya vitambaa tunatandika mikeka. Wateja wakija kupimwa, yeye alijificha nyuma ya pazia mpaka waondoke. Mama alikuwa akisema, "Huyu mtoto ana haya mpaka za kuazima."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964, akamaliza sekondari mwaka 1974. Mwandiko wake ulisifiwa, lakini akiitwa mbele ya ubao alikufa ganzi. Matokeo yalipotoka, mwalimu wa Kiswahili alimtazama akasema, "Kumbe ulikuwa unanisikia?"

Mwaka 1975 aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha uchapaji, kupiga chapa kadi za harusi na ratiba za mazishi. Harusi zina msimu, mazishi hayana, basi vidole vyake vikazoea kuandika "marehemu" kabla ya jina la mtu yeyote. Balaa lilianzia hapo. Siku ya harusi yangu, Desemba 1984, baba alikuwa amekaukwa na sauti, akamsukuma dada atoe shukrani. Akasimama, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema, "Kwa niaba ya familia, namshukuru marehemu mdogo wangu kwa kutukusanya."

Lahaula! Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mke wangu, mjane wa saa mbili, akaanza kulia. Dada alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu siku hiyo mtaa ukambandika jina, Dada Marehemu, na yeye akiitwa hivyo aliitika "Abee" huku anaangalia chini. Hakusimama tena mbele za watu. Hata alipopewa usimamizi kazini aliukataa, kwa kuwa msimamizi huongea na wafanyakazi kila asubuhi.

Mwaka 1987 aliolewa na fundi saa, mtu mpole ambaye naye maneno alikuwa anayapima. Walifunga ndoa ofisini kwa msajili, mashahidi wawili tu, na mimi niliruhusiwa kuingia kwa masharti kwamba nisitoe hotuba. Walijaliwa binti mmoja. Binti huyo alipoolewa, mwezi Juni 2013, mshereheshaji akaita, "Mama mzazi!" Kiti kitupu. Dada yetu alikuwa amejifungia chooni, ametia komeo. Shemeji akasema kwa niaba yake, maneno machache, akakaa.

Kesho yake binti alimwambia, "Mama, mimi nilitaka sauti yako tu. Ungekosea hata kila neno, ningefurahi." Nilimkuta dada jikoni kwake anapangusa sufuria iliyokwisha kukauka. Akaniambia, "Ile ya kwanza ulimi uliteleza. Hii nimeitenda kwa miguu yangu mwenyewe." Sikuwahi kumwona na aibu kama ile.

Ndipo akapiga moyo konde. Katika mkutano wa mtaa alinyoosha mkono, akasimama, akasema, "Mtaro umeziba," akakaa. Jamani, nani hakujua? Ulikuwa unanuka hapo hapo tulipokaa. Mkutano uliofuata akasimama tena, akaongeza, "Na wanaoutupia taka wamo humu ndani." Kukazuka zogo, naye akarudi nyumbani gauni limelowa jasho. Mwaka 2014 akaenda mwenyewe kwa bosi kuomba ule usimamizi aliokuwa ameukataa. Aliushika mpaka alipostaafu 2016, na wafanyakazi wake walizoea kumsubiri ameze mate kwanza.

Juni 2023 binti na mumewe walifanya sherehe ya miaka kumi ya ndoa. Dada aliomba kipaza sauti yeye mwenyewe. Akamsifu bintiye vizuri kabisa, akamgeukia mkwe: "Nakushukuru na wewe, marehemu mkwe wangu..."

Mimi niliangalia mlango wa choo, na yeye alikuwa anauangalia huo huo. Akameza mate. "Nimekosea," akasema. "Mkwe wangu mzima, huyo hapo anatafuna." Akaendelea mpaka mwisho, binti analia na kucheka kwa pamoja. Nilipokwenda kumpongeza alinifokea: "Unanipongeza nini? Aibu ninayo hapa hapa. Ila leo haikunikimbiza."

Mwishoni mwa 2024 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, akawa mtu wa kulazwa na kuruhusiwa. Siku moja wodini akaniambia, "Wasifu wangu utausoma wewe." Nikamwambia mimi sijui kusimama mbele za watu, tumpe mwingine. Akanikazia macho: "Mimi nilikuita marehemu mbele ya ukumbi mzima, na ulikuwa hai. Wewe utashindwa kuniita mimi nikiwa nimekufa kweli?" Alitutoka Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa bintiye.

Ameacha mume, binti, mkwe ambaye ni mzima, wajukuu wawili, na mdogo wake anayeona aibu kulia mbele yenu na bado analia.

Mtaona tangu nianze sijamwita kwa lile neno. Haya, dada, nasema, na watu wote wanasikia: marehemu dada yangu. Lala kwa amani. Siku ile ya harusi yangu hukukosea. Uliwahi tu.