Aliyesahihisha Saa za Jiwe la Mbali

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani la Pia, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Jina hilo alipewa na kaka zake, kwa kuwa utotoni alizunguka kama pia ya kuchezea, hakukaa kitako hata dakika moja.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari ya wasichana mwaka 1970. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti: "Anabisha sana, na mara nyingi yuko sahihi." Babu aliibandika ripoti hiyo ukutani, juu ya cherehani, kila mteja aisome.

Baada ya shahada ya hisabati, Septemba 1974 aliajiriwa katika kituo cha darubini cha chuo, chumba cha pili kutoka ngazini, dirisha likitazama tangi la maji. Alianza kwa kupima mzunguko wa mawe ya angani yaliyo karibu zaidi, na miaka ya baadaye kazi yake kubwa ikawa mawe madogo ya barafu yaliyo mbali kupita sayari ya Neptuni. Jiwe la namna hiyo, hata kwa darubini kubwa, ni nukta tu. Kinachoonekana ni mwanga wake kupanda na kushuka linapojizungusha. Mama alihesabu saa zake kwa mwanga huo.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na seremala aliyekuja kutengeneza kabati la ofisi. Kazi ya siku mbili ilimchukua wiki tatu.

"Unatazama nini kutwa?" alimuuliza.

"Nukta."

"Inafanya nini?"

"Inazunguka."

Seremala akaweka randa chini. "Kama una subira hiyo na nukta, dada, basi mimi sitakushinda."

Mwaka 2001 alitangaza kwamba jiwe moja hujizungusha kwa saa sita na nusu, akapendekezwa kupandishwa cheo. Kabla cheo hakijatoka, alilipima upya, akaona vilele vya mwanga havilingani. Kumbe jiwe lilikuwa refu kama kiazi, likionyesha mbavu zake mbili katika mzunguko mmoja. Saa sahihi zilikuwa kumi na tatu. Hakuna mwingine aliyejua.

"Funika kombe mwanaharamu apite," mkuu wake alimshauri. "Cheo kikishatoka, utasahihisha."

"Mkuu, kuna vijana wanajenga hesabu zao juu ya namba yangu. Nikinyamaza, nawaangusha."

Alirudi nyumbani, akajifungia bafuni akalia, akatoka akatupigia pasi sare za shule. Kesho yake akapeleka masahihisho. Cheo kilimpita, kilikuja baada ya miaka sita. Lakini tangu hapo, watafiti wa mbali walipobishana, walimwandikia yeye.

Alistaafu mwaka 2011. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2020, akavumilia, akilalamikia tu chakula kisicho na chumvi. Wiki ya mwisho, mwanafunzi wake wa zamani, sasa mhadhiri, alimletea kitandani vipimo vya jiwe jipya. Mama alivaa miwani, akavitazama kwa muda mrefu.

"Tuandike saa ngapi, Mama?"

"Andika hatujui bado. Halafu endeleeni kupima."

Alituaga asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na mdogo wake wa mwisho.

Pumzika, mama. Kazi umeiacha pazuri, nasi umetuacha tukikupenda. Amani iwe nawe.