Ufunguo wa Chumba cha Injini

Asubuhi hiyo benchi la mbele ya mashine ya kusaga lilijaa hata kabla muuza kahawa hajatua birika. Kila mtu alijua kuna jambo. Paneli za jua zilikuwa juu ya paa tangu juzi, mafundi wawili walisimama kando ya mkokoteni wenye mota mpya, na chumba cha injini kilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa ndani ya ngumi ya mzee waliyemwita Dizeli. Kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyekuwa akiiwasha injini ile, tangu mdogo wake alipoinunua, hadi mdogo wake akafariki na mashine ikabaki kwa mjane. Moshi ulimwachia kikohozi, kelele zikamla sikio la kushoto, na jina alilopewa na wazazi watu walishalisahau.

Profesa, karani mstaafu asiyekosa la kusema, alianza kwa upole kwamba dunia inageuka na mafuta hayashikiki. Kinyozi, jirani yake kwenye benchi, akadakia kuwa unga uliosagwa na jua hautakaa tumboni, maana hauna moto ndani yake. Profesa hakutaka kupitwa. Paneli zikizidi mjini, alisema, jua litachoka, mazao yatadumaa, na wote watarudi kwenye kinu na mchi.

— Haraka haraka haina baraka, alimalizia. Ndiyo maana jua huzama.

— Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akajibu Kinyozi. Sasa mashine isiyonguruma, la mkuu tutalisikiaje?

Mmoja alicheka, akaishia katikati. Dizeli hakucheka. Alikuwa amewaelekezea sikio zima, lakini macho yalikuwa barabarani. Shemeji yake, yule mjane, alikuwa anakuja, kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kuamua. Walimsogezea nafasi; hakuketi.

— Shemeji, naomba ufunguo.

— Injini ni nzima.

— Ni nzima, lakini inatumaliza. Tunasaga kwa ajili ya pipa la mafuta. Na kifua hicho chako, nani hakisikii?

— Kifua ni changu.

Profesa alianza methali ya kupatanisha, akaiacha nusu. Fundi mmoja alitazama saa. Dizeli alijua shemeji hakosei. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akipima mafuta kila alfajiri na kuona yanavyokwisha. Hilo ndilo lililomuuma. Shemeji angekuwa amekosea, wangegombana, naye akapumua.

Hapo akafika mwanamke mgeni, ndoo ya mahindi kichwani, akauliza kama wanasaga. Kinyozi akamweleza mkasa wote, pamoja na vikorombwezo vyake. Mgeni akasikiliza mpaka mwisho, akatua ndoo.

— Sawa. Na huyu baba, mota ikishafungwa, atafanya kazi gani?

Profesa alitazama kikombe chake. Mafundi walitazamana, wao waliagizwa kufunga mota tu. Mjane akavuta khanga yake begani kama aliyepigwa na baridi.

— Sikukuuliza, shemeji, alisema mwishowe.

— Hukuniuliza.

— Nilifikiri nakupumzisha.

Dizeli akasimama. Magoti yalilia. Benchi zima likajua sasa patachimbika, na Kinyozi akajisogeza pembeni. Lakini Dizeli alikwenda moja kwa moja mlangoni, akaingiza ufunguo, akafungua kufuli, akausukuma mlango hadi harufu ya mafuta ikawafikia benchini. Kisha akaketi palepale kizingitini, mgongo kwenye fremu moja, miguu kwenye nyingine.

— Mlango uko wazi, alisema, kwa sauti kubwa ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Mota iingie. Ila mama huyu ameuliza swali, nami nalisubiri jibu lake.

Mafundi walikuwa wameshainua mota. Walimtazama mjane, wakaitua chini taratibu.